Matofali ya kufungamana Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kuanzia shimo la udongo hadi lenta

Malalamiko yanayorudi kila msimu ni yaleyale. Matofali yalitoka mashineni yakiwa yamenyooka, yakapangwa vizuri, na baada ya mwezi kona zinamomonyoka kwa kidole. Au ukuta umefika kozi ya kumi (kozi ni mstari mmoja wa matofali) na mistari imeanza kupanda na kushuka kama mawimbi.

Wengi huilaumu mashine, nayo mara nyingi haina kosa. Matofali haya, yanayoshikana kwa ndimi na mifereji yake bila udongo wa saruji kati yake, huharibikia sehemu nne: shimoni udongo unapochimbwa, kwenye maji ya kuchanganyia, katika wiki ya kwanza baada ya kufyatuliwa, na kwenye kozi ya kwanza ya ukuta. Hapo ndipo tutakapokaa zaidi. Mengine fundi wako anayajua.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, kwa mashine ya mkono inayotoa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, ile saizi iliyoenezwa na NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora. Mashine yako ikiwa na saizi nyingine, badili hesabu tu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa matofali:

- Mashine ya mkono ya kufyatulia, ya kukodi au ya kikundi
- Saruji ya daraja la 32.5, mifuko isiyo na mabonge
- Chekeche la waya lenye matundu ya milimita 5 au 6
- Ndoo za lita 20 za ukubwa mmoja, koleo, toroli, keni ya kumwagilia
- Nailoni ya kutosha kufunika matofali yote ya siku saba (hiki ndicho watu husahau)
- Chupa ya plastiki angavu na kisanduku cha mbao cha kupimia udongo, kama nitakavyoeleza

Kwa ukuta:

- Pima maji ndefu, timazi, futi, uzi wa fundi, mpira wa maji
- Nyundo ya mpira
- Nailoni nzito ya kuzuia unyevu wa msingi
- Nondo, ringi, kokoto na mchanga wa mtoni kwa ajili ya lenta (mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya milango)

Kikosi ni watu wanne au watano: wawili wa kuchekecha na kuchanganya, mmoja wa kujaza, mmoja wa kubana, mmoja wa kubeba na kupanga. Kikosi kilichozoea hutoa matofali 300 hadi 400 kwa siku. Ukiahidiwa 800 kwa mashine ya mkono, jiulize ni hatua gani inarukwa.

## Hatua ya 1: Fyatua kiangazi, usisubiri fedha ya korosho

Huku kwetu fedha ya ujenzi huja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Mtu akishalipwa na chama chake cha ushirika ndipo anaita mafundi. Kufika mwisho wa Novemba au Desemba mvua zimeanza, udongo umelowa, chekeche haipitishi kitu, na matofali mabichi yananyeshewa yakiwa na siku tatu.

Geuza mpangilio. Kazi ya kufyatua inahitaji nguvu kazi nyingi na fedha kidogo, basi ifanye kati ya Julai na Septemba, hata kwa mifuko mitano mitano. Kazi ya msingi, lenta na bati ndiyo inayomeza fedha, hiyo isubiri mnada. Oktoba ikifika, matofali yako yamekomaa na ukuta unapanda haraka kwa sababu hausubiri udongo wa saruji wa viungio ukauke.

Mpangilio huu una adui mmoja: upepo wa kusi. Unavuma miezi hiyohiyo na unakausha tofali bichi haraka mno. Tutaurudia kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Chora nyumba kwa hatua za sentimita 15

Tofali lina urefu wa sentimita 30 na upana wa 15. Kila kipimo cha ukuta kikigawanyika kwa 15, hutakata tofali hata moja zaidi ya nusu za kawaida. Kisipogawanyika, fundi atakata kwa panga kila kozi, na kila mkato ni mahali ukuta unapoteza mshiko.

Vipimo vya nje viwe kama mita 3.30, 6.00, 8.10. Chumba chenye upana wa nje mita 3.30 kinabaki na mita 3.00 ndani. Nafasi ya mlango iwe 90 au 105, dirisha 120 au 150. Kimo nacho kina hatua yake: kozi moja ni sentimita 10, kwa hiyo juu ya mlango ni kozi ya 21.

Mfano wa hesabu. Nyumba ya nje mita 8.10 kwa 6.00, yenye kuta za ndani za jumla ya mita 11 na kimo cha mita 2.4, ukiondoa milango na madirisha kama mita za mraba 14, inabakiza karibu mita za mraba 79. Mita moja ya mraba inakula matofali 33 na kidogo. Hiyo ni kama 2,620. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukataliwa, weka 2,900. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali 70 hadi 100 kutegemea udongo, kwa hiyo mifuko 30 hadi 40 ya kufyatulia.

Peleka mchoro halmashauri upate kibali kabla ya kumlipa mtu yeyote wa kuchimba.

Dalili ya kufaulu: unaweza kupanga kozi ya kwanza yote kwenye karatasi, tofali kwa tofali, bila kipande cha ajabu.

## Hatua ya 3: Chagua udongo, na uupime

Usikubali kuambiwa «udongo wa hapa ni mzuri». Udongo wa upande huu wa kiwanja unaweza kufaa na wa upande ule usifae.

Tunachotafuta ni udongo wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi. Mchanga ndio mwili wa tofali, mfinyanzi ndio unaolishika lisivunjike linapotoka mashineni, saruji ndiyo inayolifunga lisiyeyuke kwa mvua. Mfinyanzi ukizidi, tofali linanywea na kupasuka. Ukipungua, kona zinabaki mikononi mwa mbebaji.

Udongo mwekundu wenye mchanga wa uwanda wa Makonde mara nyingi uko karibu na tunachokitaka. Mchanga mweupe wa ukanda wa Mtwara mjini na Mikindani peke yake hauna mshiko. Udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa viatu masika, uache kabisa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, si kwa matofali wala kwa zege: chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe na hula nondo.

Ondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na mboji, angalau sentimita 30, ulirudishe shambani. Chimba chini yake.

Kipimo cha chupa. Jaza theluthi moja ya chupa kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji hadi karibu ijae, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha itulie saa moja, tikisa tena, acha hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini na mfinyanzi juu yake. Tabaka hilo la juu likiwa kati ya robo na theluthi ya kimo chote cha udongo, endelea. Likizidi nusu, tafuta kwingine au changanya na mchanga wa mtoni.

Kipimo cha kisanduku. Hiki ndicho kinachokwambia saruji kiasi gani, na ndicho kinachorukwa na karibu kila mtu. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye nafasi ya ndani ya urefu sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta. Kijaze udongo uliolowana kiasi cha kufinyangika, ushindilie kwenye kona, usawazishe juu. Weka kivulini siku saba. Kisha sukuma udongo wote upande mmoja na upime pengo lililobaki.

- Pengo chini ya milimita 15: ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 16 za udongo
- Milimita 15 hadi 30: 1 kwa 14
- Milimita 30 hadi 45: 1 kwa 12
- Zaidi ya hapo: ongeza mchanga, pima upya

Udongo ukikatika vipande vingi vidogo badala ya kunywea kwa pamoja, nao changanya na mchanga. Wiki moja ya kusubiri kisanduku inaudhi, najua. Lakini tofauti ya 1 kwa 12 na 1 kwa 16 kwa nyumba nzima ni mifuko kadhaa ya saruji, na kinyume chake ni ukuta unaomomonyoka.

## Hatua ya 4: Changanya kavu kwanza, maji baadaye

Chekecha udongo ukiwa mkavu. Mabonge ya mfinyanzi yaliyopita bila kuvunjwa hulowana ndani ya tofali baadaye, yanavimba, na kubandua uso wake.

Changanya kidogo kidogo: ndoo moja ya saruji, ambayo ni karibu nusu mfuko, na ndoo zake za udongo. Geuza kwa koleo ukiwa mkavu hadi rangi iwe moja bila michirizi, mara tatu au nne. Ndipo unyunyize maji kwa keni huku mwingine anageuza. Usimwage kwa ndoo. Maji yakimwagwa yanatengeneza vidonge, na kidonge hakivunjiki tena.

Kipimo cha mkono. Bana konzi ya mchanganyiko iwe donge. Nyosha mkono mbele usawa wa bega, liachie lianguke kwenye ardhi ngumu.

- Likitawanyika kuwa unga, ongeza maji.
- Likibaki bonge moja au likibandika, maji yamezidi.
- Likivunjika vipande vinne hadi sita, anza kufyatua.

Rudia kipimo hiki kwa kila mchanganyiko. Mafundi wengi wanapenda mchanganyiko wa majimaji kwa sababu mkono wa mashine unashuka kwa urahisi. Urahisi huo unaulipia: maji yanachukua nafasi ambayo udongo ungebanwa, yakikauka yanaacha vitundu.

Onyo: maji yakishaingia, saruji imeanza kazi. Maliza mchanganyiko ndani ya saa moja. Uliobaki baada ya chakula cha mchana usiufufue kwa maji, mwaga kwenye njia ya kiwanja.

## Hatua ya 5: Kufyatua

Jaza kisanduku cha mashine kwa kipimo kilekile kila mara. Tumia kopo au ndoo ndogo uliyoiwekea alama, usitumie macho. Bonyeza udongo wa kwenye kona kwa vidole kabla ya kufunika, maana kona ndizo huwa laini. Mashine ikikubali kufungwa bila nguvu, umejaza kidogo.

Safisha na paka mafuta kidogo ndani kila baada ya matofali kadhaa. Hapa mafuta machafu ya gari yanatosha.

Kila tofali la kumi, pima kimo chake kwa futi, kona zote nne. Tofauti isizidi milimita moja. Ukuta huu hauna udongo wa saruji wa kusawazishia makosa: tofauti ya milimita 2 kwa kozi ishirini ni sentimita 4 juu.

Beba kwa mikono miwili ukishika pande za mwisho, tua kwenye sehemu tambarare yenye kivuli, tofali moja moja. Yasipandishwe siku hiyo.

Dalili ya kufaulu: tofali bichi linabebeka bila kona kudondoka na vidole havizami.

## Hatua ya 6: Siku saba za unyevu

Ningeruhusiwa kusisitiza hatua moja tu, ningechagua hii. Saruji haikauki ikawa ngumu. Inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Maji yakitoka mapema, inasimama ilipofikia na haiendelei tena. Tofali lililokaushwa na jua na kusi kwa siku mbili linaonekana gumu, linatoa hata sauti, lakini nguvu yake imebaki nusu njia. Ndilo linalomomonyoka baadaye.

1. Baada ya kufyatua tu, funika kwa nailoni. Kandamiza kingo kwa mawe au mchanga ili kusi lisipite chini.
2. Kesho yake nyunyizia kwa keni taratibu, funika tena.
3. Siku ya pili au ya tatu unaweza kuyapanga juu kwa juu, kozi tano tu, ukiacha mianya midogo.
4. Nyunyizia asubuhi na jioni hadi siku ya saba. Ukifunua, uso wa ndani wa nailoni uwe na matone. Ukiwa mkavu, umechelewa.
5. Baada ya siku saba acha yakauke polepole kivulini hadi siku 28.

Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba ambako ndoo ya maji ni fedha: wekezeni kwenye nailoni zaidi kuliko kwenye maji. Ikifungwa vizuri, unyevu uleule unarudi kwenye tofali na unyunyiziaji unapungua sana. Majani makavu peke yake hayatoshi, upepo unapita.

## Hatua ya 7: Yakague kabla ya kuyajengea

Siku ya 28 chukua matofali matano kutoka siku tofauti za kazi, si yale mazuri ya juu.

Yazamishe majini saa 24. Yakitoka, kwaruza kwa msumari. Mkwaruzo mwepesi ni sawa. Msumari ukichimba mfereji, siku hiyo ya kazi ina kasoro. Kisha weka tofali kavu juu ya mawe mawili kama daraja, mtu mzima asimame katikati polepole. Lisivunjike. Vaa viatu.

Yaliyofeli yatumie kwenye ukuta wa uzio mfupi au banda la kuku. Yaliyofaulu yapange makundi mawili kwa kimo, marefu kidogo na mafupi kidogo, ili kozi moja iwe ya kundi moja.

## Hatua ya 8: Msingi na kozi ya kwanza

Matofali haya hayaingii ardhini. Msingi uwe wa mawe au zege, upande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na jamvi au uso wake uwe umesawazishwa kwa mpira wa maji kutoka kona moja hadi zote. Pima mishazari miwili ya nyumba. Ikilingana, kona ziko sawa.

Tandaza nailoni nzito juu ya msingi kuzuia unyevu. Panga kwanza kozi ya kwanza bila udongo wa saruji, nyumba nzima, pamoja na nafasi za milango. Kosa lolote la mchoro litajionyesha hapo, wakati kulirekebisha ni bure.

Kisha iondoe na uijenge kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5. Anza na kona nne. Funga uzi. Gonga kila tofali kwa nyundo ya mpira hadi pima maji itulie kwa urefu na kwa upana. Kozi hii moja inaweza kula siku nzima, na fundi anayeharakisha hapa mwambie apumzike. Ukiiacha imeinama milimita 3, hakuna kozi ya juu itakayoiponya.

Dalili ya kufaulu: pima maji inatulia popote unapoiweka, na tofali la kozi ya pili linaingia kwa kusukumwa na mkono, bila kucheza.

## Hatua ya 9: Kupandisha ukuta

Inuka kwa kona kwanza, kozi tatu au nne, kisha jaza katikati kwa uzi. Piga brashi kila mfereji kabla ya kuweka tofali juu. Punje moja ya mchanga inatosha kuliinua. Kila kozi ya nne, timazi na pima maji.

Kozi ya chini ya dirisha ijengwe kwa udongo wa saruji kama ya kwanza. Nyingine ni kavu, isipokuwa tofali linalocheza: lipake uji mwepesi wa saruji kwenye mfereji. Mabomba ya umeme yapangwe sasa. Kukata ukuta huu baadaye kwa patasi ni kuulegeza.

## Hatua ya 10: Lenta na paa

Hapa usibane matumizi. Ukuta usio na udongo kwenye viungio unategemea lenta kuufunga pamoja, na pwani yetu inajua upepo: mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, Mtwara iliwekwa kwenye tahadhari.

Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, pamoja na kuta za ndani, juu ya kozi ya 21. Zege la saruji 1 kwa mchanga 2 kwa kokoto 4, saruji ya daraja la 42.5 ukiipata. Ukitumia matofali ya mfereji kama kalibu ya kumwagia zege, nondo mbili za milimita 12. Ukitumia mbao, nondo nne na ringi kila sentimita 20. Mwagilia siku saba.

Kabla zege halijaganda, zamisha vipande vya nondo nyembamba vilivyokunjwa, kila mita moja au chini ya hapo, virefu kupita kozi za juu. Ndivyo vitakavyoshika kenchi. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi ili mvua isipige uso wa matofali moja kwa moja.

## Ukitaka kuongeza chumba msimu ujao

Jambo linalonivutia zaidi kwenye ujenzi huu ni kwamba nyumba inaweza kukua. Jenga vyumba viwili kwa korosho ya mwaka huu, cha tatu kwa ya mwakani. Kwa hilo kuna masharti mawili.

Chimba msingi wote mara moja, hata wa vyumba ambavyo hutavijenga leo. Msingi mpya ukibandikwa kwenye wa zamani hushuka peke yake na kupasua kiungio. Pili, acha meno kwenye kona ya upande utakaoendelea, tofali ndani tofali nje, na uyakinge mvua kwa bati au nailoni. Nondo za lenta nazo ziachwe zimetokeza nusu mita, zimepakwa uji wa saruji zisiote kutu.

Kwenye mashine uliyokodi, andika jina la mwenye nayo na kimo cha tofali lake. Mashine mbili zinazoitwa saizi moja zinaweza kupishana milimita chache, na chumba cha mwakani hakitaingia kwenye meno ya mwaka huu. La salama zaidi ni kufyatua ziada ya matofali 200 sasa, uyaweke pembeni yakiwa yamefunikwa, kwa ajili ya kozi za maungio.